Nyasi Hazirushiwi Dadu

Mwezi wa nne Karatu hatuna wageni. Mvua inanyesha mpaka njia za kwenda kambini zinageuka uji, hoteli nyingi za ukingoni mwa kreta zinafungwa kwa ukarabati au kwa kusingizia ukarabati, na sisi madereva waongoza watalii tunashinda gereji tukijidai tunasimamia matengenezo ya magari. Ukweli ni kwamba tunakunywa chai. Nimekaa katika kazi hii miaka mingi, na watu wakiniuliza kosa gani kubwa nimewahi kufanya, hutegemea niwasimulie gari nililolaza mtaroni au mgeni niliyemsahau chooni. Hayo yapo, na yana vichekesho vyake. Kosa lenyewe nililifanya gerejini, mchana kweupe, gari likiwa juu ya jeki, kwa ajili ya mchezo.

Mchezo ulitoka kwa wageni. Familia moja ilisahau boksi nyuma ya kiti cha gari langu. Ndani mlikuwa na ramani ya nchi isiyokuwepo duniani, kijitabu cha maelekezo kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, na dadu za ajabu ajabu, mojawapo ina pande ishirini. Nilipiga simu ofisini ili wapelekewe. Ofisini wakasema wenyewe wameshapanda ndege, na wamesema hilo boksi tuwagawie watoto. Watoto hawakuliona. Tulilikalia sisi watu wazima wenye familia zetu.

Tulikuwa wanne. Mimi, Mchaga niliyezaliwa hapa hapa Karatu. Wazazi wangu walitoka Kilimanjaro wakafungua duka la vifaa vya ujenzi, nami nikakimbia misumari nikaingia utalii. Fundi mwenye gereji, Mmeru kutoka upande wa Arusha, mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Dada mpishi, Mwiraqw, anayepikia safari za kambi na kuoka keki ndani ya sufuria kwa moto wa mkaa. Huyo ukimkosea hakuachii mpaka ukiri. Na rafiki yangu, Mmasai, mwongoza watalii kama mimi, ambaye kwao ni kule juu kwenye nyanda za Ngorongoro, alikokuwa akiishi mama yake na ng'ombe wao. Tulianza kazi msimu mmoja, mimi naye. Yeye ndiye aliyenifundisha kumwona faru mahali nilipokuwa naona jiwe, na mimi ndiye niliyemfundisha kubadili tairi bila kumtukana aliyelitengeneza. Aliniita Mangi, kama wanavyoitwa Wachaga wote mjini, wapende wasipende, ila kwake neno hilo lilikuwa na mapenzi ndani yake.

Kwa kuwa hatukuweza kusoma maelekezo, tulitunga yetu. Tukasema hii nchi ya kwenye ramani ina mlima, ina bonde, ina ukungu, na kila anayezaliwa humo anapewa uwezo mmoja mdogo wa kimiujiza. Si wa kurusha radi wala kuruka angani. Uwezo wa nyumbani tu. Fundi akasema, "Yaani kila mtu mchawi?" Dada mpishi akamkata jicho. "Neno hilo halina mzaha. Kwetu neno hilo limewafukuza bibi za watu nyumbani mwao. Tafuteni lingine." Tukatafuta, tukaita kipaji.

Mimi nikawa mshika daftari. Maana yake mimi ndiye niliyeandika sheria, niliyesema leo kumetokea nini mlimani na nani amekuja na shida gani, na wengine wakajibu kwa vipaji vyao. Sitasema uongo, kazi ile ilinipendeza kupita kiasi. Mtu ambaye mwaka mzima anaambiwa na wageni simama hapa, rudi nyuma, subiri kidogo, ukimpa daftari la nchi nzima lazima kichwa kivimbe.

Na ilikuwa raha, jamani. Kipaji cha dada mpishi kilikuwa kwamba chakula anachopika hakiungui hata akikisahau jikoni. Tukabishana asubuhi nzima kuhusu maisha ya mwanamke wa namna hiyo. Fundi akasema angeolewa mapema. Dada akasema, "Au asiolewe kabisa, maana ana kazi yake." Tukaandika kwamba katika nchi ile, washenga wakienda kuposa, swali la kwanza si ukoo wala mahari, ni binti ana kipaji gani, na kwamba ukoo wenye binti asiye na kipaji humtungia. Tukaandika kwamba mtu mwenye kipaji cha kupata vitu vilivyopotea hana rafiki hata mmoja, kwa sababu kila kilichopotea kiko kwa mtu fulani. Tukaandika kwamba wenye kipaji cha kuzuia mvua wanatafutwa na wafyatua matofali na kupigwa mawe na wakulima wa mahindi, hadi serikali ya kijiji ikaunda kamati, na kamati ikataka kila kipaji kiandikishwe, na wenye vipaji vizuri wakajiandikisha vibaya ili wasisumbuliwe. Kipaji changu kilikuwa kusogeza ukungu. Wenye hoteli za mlimani wakaniajiri niwafungulie mandhari saa mbili asubuhi wageni wakinywa chai. Tulicheka mpaka fundi akajigonga kichwa kwenye mlango wa gari.

Rafiki yangu akasema kipaji chake ni kumwita ng'ombe kwa jina akiwa mbali naye akaja.

"Hicho si kipaji," dada mpishi akamwambia. "Hicho unafanya hata sasa."

"Ndiyo maana nakitaka," akajibu.

Huyo ndiye mtu wangu. Wengine tulijitungia tusivyokuwa navyo, yeye akachukua alicho nacho.

Siku moja tukafika kwenye vita. Watu wa bonde wamegombana na watu wa mlima kwa sababu ya mto, nami nikawauliza wenzangu wanafanyaje. Rafiki yangu akasema, "Mtu wangu anachuma nyasi mbichi, anazishika mkononi, anawaendea." Akaeleza jambo ambalo mimi nililijua juu juu tu, kwamba kwao mtu aliyekosa, au anayetaka ugomvi ukome, akikujia na nyasi mbichi mkononi, basi imekwisha. Humpigi. Humtukani. Unampokea. Hata kama jana alikuumiza, unampokea, kwa sababu nyasi ndizo zinazolisha ng'ombe na hakuna anayeweza kuzikataa akabaki mtu.

Nikamwambia, kwetu lipo. Kwetu ni jani la isale. Mtu akikuletea isale amekufunga mikono. Nikawasimulia baba yangu alivyokaa miaka bila kusalimiana na kaka yake kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na jinsi Krismasi moja baba mkubwa alivyoingia uani na jani la isale, na baba, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani, akalishika lile jani na kulia kama mtoto, kisha wakala pamoja. Niliona kwa macho yangu. Nilikuwa na umri wa kuelewa. Nalisema hili ili msinionee huruma mnaposoma yanayofuata.

Ikabaki tuandike sheria. Rafiki yangu akataka iandikwe hivi: mwenye nyasi hakataliwi. Mimi, mshika daftari, nikaona mchezo unakufa. Kama nyasi hazishindwi hata siku moja, vita haitakuwepo, na bila vita nitawasimulia nini kesho? Nikasema, kila kipaji kinarushiwa dadu, na nyasi nazo zirushiwe. Ukipata saba kwenda juu, umesamehewa. Chini ya saba, nyasi zimekauka, unachapwa.

"Hapana," akasema. "Nyasi hazirushiwi dadu, Mangi."

"Kwenye mchezo tu."

"Hata kwenye mchezo."

Tukapiga kura. Mimi na fundi tulitaka dadu, dada mpishi akasema yeye hapigi kura kwa mambo ya wanaume wenye njaa ya vita, na rafiki yangu akabaki peke yake. Nikaiandika sheria kwa kalamu nyekundu. Ndani ya wiki moja ilikuwa imetoka nje ya daftari. Fundi akichelewesha gari la mtu, anachomoa majani ya pale uani na kumwonyesha mwenye gari, "Nyasi hizo, rusha dadu." Madereva wengine wakaiga. Aliyetakiwa kununua chai ananyanyua jani, wenzake wanacheka. Rafiki yangu alikuwa akitabasamu kidogo na kuangalia pembeni. Niliona hilo tabasamu. Sikulijali.

Sasa nieleze ugomvi. Miezi ile, kule juu, mazungumzo ya wafugaji kutakiwa kuhama hifadhi yalikuwa kila boma. Wengine walishaondoka, wengine waliapa hawataondoka, na mama yake alikuwa akiwaza kwenda kwa ndugu zake Oloipiri, upande wa Loliondo, nyumba aliyozalia watoto wake wote aiache. Rafiki yangu hakuwa akizungumza habari hizo gerejini. Ukimuuliza anakwambia tutaona. Mimi nami mchezo ulikuwa umenipoa mikononi, wenzangu wameanza kupiga miayo, nikataka jambo kubwa. Asubuhi moja nikafungua daftari na kuwasomea kwamba mfalme wa bonde ametoa amri, watu wote wa mlimani washuke, waache maboma, na yeyote mwenye kipaji cha kuita ng'ombe awaite ng'ombe wake waje bondeni.

Sikuwa na nia mbaya. Lakini sikuwa na mawazo pia, na hilo nalo ni kosa lenye uzito wake. Niliona kisa kizuri. Nilisoma kwa madaha, nikibadilisha sauti ya mfalme, nikategemea makofi.

Rafiki yangu akasimama, akanichukulia daftari mkononi, akachana ule ukurasa, na daftari lenyewe akalitupa kwenye beseni la oili chafu. "Wewe umezaliwa nyuma ya kaunta," akaniambia. "Nyinyi mkihama ni kwenda kufungua duka. Hujui kitu. Unacheza na msiba wa watu kwa sababu huna kwenu." Alisema hayo mbele ya fundi, mbele ya dada mpishi, mbele ya madereva wengine watatu wanne waliokuwa wamekuja kusikiliza. Kisha akaondoka na mvua.

Iliniuma. Ile ya kusema sina kwetu iliniuma mahali penyewe, kwa sababu ni kweli kwamba Kilimanjaro naitwa mtu wa Karatu na Karatu naitwa mtu wa Kilimanjaro. Nikakasirika nisilale vizuri. Nikajiambia, huyu amenivunjia heshima mbele za watu, atakuja mwenyewe. Dada mpishi akaniambia nimfuate, nikamjibu vibaya. Daftari nikaliopoa kwenye oili, nikalifuta kwa tambara, na nusu ya nchi yetu ilikuwa imegeuka nyeusi.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka. Gereji ilijaa. Mimi nilikuwa nimeinamia injini. Nikasikia watu wamenyamaza, nikanyanyua kichwa.

Alikuwa amesimama mlangoni. Kazini tulimzoea kwa koti la kampuni na kofia. Siku hiyo alivaa shuka. Fimbo yake ameiegesha nje ukutani, niliiona. Na mikononi, mikono yote miwili, ameshika nyasi. Si majani ya uani pale gereji. Zilikuwa ndefu, laini, bado zina umande, nyasi za kule juu kwenye baridi, na mtu aliyetoka nazo kule alikuwa ameondoka nyumbani kabla hakujapambazuka vizuri. Akaja mpaka mbele ya gari akasimama.

"Mangi," akasema kwa sauti ya chini. "Nimekuja."

Nimejaribu mara nyingi kusema kwamba nilidhani ni mchezo. Fundi nilimwambia hivyo, mke wangu nilimwambia hivyo. Nyasi zilikuwa mzaha wa kila siku pale gereji, ningejuaje? Lakini niliiona shuka. Niliona fimbo imeachwa nje. Nilisikia sauti yake. Nilijua. Labda si kwa akili yote, ila sehemu iliyojua ilitosha. Na pembeni walikuwepo wale wale waliosikia nikiambiwa sina kwetu, wote wananitazama mimi, nikaona ni zamu yangu.

Nikafuta mikono kwa tambara, taratibu, ili kila mtu apate nafasi ya kuona. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa ile dadu ya pande ishirini, nikaiweka kwenye kiganja na kumnyooshea.

"Rusha kwanza," nikasema. "Chini ya saba, zimekauka."

Wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha.

Aliitazama ile dadu. Hakunitazama mimi. Ningependa kuandika kwamba macho yake yalisema hili au lile, lakini sikuyaona macho yake tena siku hiyo. Akasema, "Sawa." Akaziweka nyasi juu ya boneti, zote pamoja, akazinyoosha kwa kiganja kana kwamba anatandika kitu, akageuka, akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Dada mpishi alikuwa mlangoni ameshika birika. Akaniambia, "Hakuwa anacheza."

"Na mimi sichezi," nikamjibu. Jibu gani hilo? Hata leo sijui nilimaanisha nini.

Ningeweza kumkimbilia. Kutoka pale mpaka barabara ya lami ni hatua chache, na mtu aliyevaa shuka nyekundu si vigumu kumwona. Nikaingiza tena kichwa kwenye injini. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema akitulia. Baada ya wiki dada mpishi akaniletea habari kwamba lori limepanda juu likachukua vyombo vya mama yake na watoto, ng'ombe wametangulia kwa miguu na vijana, na rafiki yangu ameacha kazi, wamekwenda Oloipiri.

Msimu ukafunguka, wageni wakaja. Ndani ya kreta sisi madereva huambizana kwa redio wanyama walipo, na kwa miezi kadhaa kila redio ilipokohoa nilikuwa nategemea sauti yake iniambie, Mangi, njoo huku msituni, acha kupoteza mafuta. Nilimtumia ujumbe, akanijibu poa. Nikamtumia salamu za sikukuu, akanijibu asante, nawe pia. Nilipiga simu mara moja ikapokelewa na mtoto, nikakata. Mchezo haukuchezwa tena. Fundi aliwahi kuuliza siku moja ya mvua, dada mpishi akamwangalia tu, akaacha.

Nilikuwa nikifikiria sana ile nchi yetu ya daftari, hasa nikiendesha gari tupu. Tulitumia wiki kadhaa kubuni watu wenye miujiza midogo na jinsi ingewabadilisha, nani angeogopwa, nani angeoa nani. Na wakati wote huo muujiza wenyewe tulikuwa nao, wa kwao na wa kwetu, jani la mtu asiye na silaha linalosimamisha mkono wa mwenye hasira. Lilifanya kazi kwa sababu moja tu: kila aliyeletewa aliamua kwamba halishindwi. Mimi nililiwekea dadu. Nilifikiri naongeza utamu wa mchezo, kumbe nilikuwa nawafundisha watu wa gereji nzima, na mimi mwenyewe wa kwanza, kwamba linaweza kukataliwa.

Ikapita miaka miwili na zaidi kidogo. Kiangazi kimoja nilishusha wageni kaskazini mwa Serengeti wakapanda ndege ndogo, nikatakiwa nirudi Karatu na gari tupu. Badala ya kurudi kwa njia niliyokuja nayo, nikapiga moyo konde, nikakata kuelekea Loliondo na kuulizia njia ya Oloipiri. Njiani nilifikiria kuchuma nyasi. Nilisimamisha gari kabisa, nikashuka. Kulikuwa na vumbi na mabua makavu, lakini si hilo lililonizuia. Kwenye mkondo wa mto palikuwa na kijani kidogo. Nilizuiwa na mkono wangu mwenyewe. Niliuona ukishika dadu. Nikarudi kwenye gari.

Nilimkuta nje ya boma anarekebisha uzio wa miiba. Amekonda kidogo, nywele zimeingia mvi mbili tatu. Aliliona gari akasimama wima, akanisubiri nishuke, akanipa mkono.

"Karibu," akasema. "Umesafiri salama?"

"Salama."

"Wageni?"

"Wameondoka leo asubuhi."

Tukaulizana habari za watoto, za mvua, za bei ya ng'ombe mnadani. Alinijibu kila swali vizuri, kwa Kiswahili kile safi alichokuwa akiwapa wateja, bila kukosa hata neno. Nilikuwa nimetunga hotuba njia nzima. Nikafungua mdomo.

"Ndugu yangu, ile siku pale gereji..."

Akanyanyua mkono, si kwa hasira. "Ngoja. Kabla hujasema, kuna kitu inabidi ujue, maana mama yuko ndani na ameshasikia gari." Akaangalia uzio wake. "Yeyo," akasema, maana ndivyo wanavyomwita mama, "anajua ulizipokea."

Sikuelewa. "Nilipokea nini?"

"Nyasi. Yeye ndiye aliyezichuma. Nilimwambia nimegombana na wewe, nimekutukana kwa mambo ya kwenu, akasema hahami mlimani akiacha ugomvi nyuma yake. Akaamka alfajiri akaenda kuzichuma mwenyewe, akanipa mkononi. Niliporudi akaniuliza, amezipokea? Nikasema ndiyo." Akakaza mwiba mmoja kwenye uzio. "Ningemwambia nini? Kwamba zimekataliwa? Hajawahi kusikia kitu kama hicho tangu azaliwe. Alikuwa anahama Jumamosi ya wiki ile ile. Nikasema ulizipokea, ukanipa chai."

Nikasema, "Nisamehe. Nimekuja kwa ajili hiyo. Nisamehe."

"Usiombe hapa," akasema, bado kwa upole. "Ukiomba hapa ataona. Akiona atauliza unaomba nini. Twende, chai inapoa."

Ndani mlikuwa na giza na moshi wa kuni. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, macho yake hayaoni sana tena, akanyoosha mikono mpaka akaipata yangu. Hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Alisema maneno mengi kwa Kimasai, akinitikisa mikono, na mwanawe amesimama nyuma yangu akitafsiri, sauti moja tu, haipandi wala haishuki.

"Anasema amefurahi umekuja. Anasema alikuwa anakuulizia." Mama akaendelea. "Anasema siku ile aliogopa. Anasema watu wa mjini wamesahau mambo, alifikiri labda utaringa kwanza." Mama akacheka kidogo, akanipapasa mgongo wa mkono. "Anasema wewe hukuringa. Anasema kwa sababu hiyo alihama na moyo mweupe, na hapa ng'ombe wamekaa vizuri. Anakushukuru wewe, na aliyekuzaa."

Nikageuka kumtazama rafiki yangu. Alikuwa anatazama moto.

"Siwezi," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Mwambie ukweli, au niache niondoke."

"Utaondoka ukishakunywa chai," akasema. "Sasa anataka kukubariki. Toa viganja."

Nikatoa. Mama yake akavitemea mate kidogo, kama wanavyowafanyia watoto wao, akavifunga viganja vyangu ndani ya vyake na kuanza kuomba, maneno mafupi mafupi, na baada ya kila neno akinyamaza kidogo kunisubiri.

"Anakusubiri," rafiki yangu akasema. "Mwitikie."

"Nasemaje?"

"Sema naai. Ni kama amina."

Nikasema naai. Akaomba tena, akanyamaza tena, akanisubiri. Alikuwa na maombi mengi, ya watoto wangu, ya gari langu, ya njia nitakayorudi nayo, na yote nikayaitikia mpaka akamaliza.